Kiti cha Mbele

Malaba,
10 Februari 2025

Dada Eucabeth,

Huenda jina lililo chini ya karatasi hii likakushtua, maana tangu tuondoke Jinja tukiwa vijana hatujaandikiana hata mara moja. Mimi ni Ongodia, ndugu yake Amongin, yule mvulana mwembamba wa nyumba iliyopakana na yenu kule Walukuba, wakati baba zetu walipokuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Nimefundisha historia maisha yangu yote, na sasa nimestaafu. Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu masikio yangu yamezeeka kuliko mimi. Nikiweka simu sikioni nasikia nyuki tu. Euphrasia aliyekuletea barua hii ananiuzia samaki hapa sokoni Malaba. Yeye ndiye aliyenihakikishia kwamba wewe ni mkunga mstaafu pale Nangina, mjane wa marehemu Mulama.

Jambo lenyewe ni Amongin. Unajua yeye aliolewa hukohuko Jinja, hakurudi nasi. Sasa moyo wake umechoka, na daktari ametuambia tusipange mambo ya mbali. Nilimtembelea Krismasi. Akanishika mkono akasema, "Mtafute Eucabeth, yuko Nangina. Nataka tule sahani moja kama zamani. Baada ya hapo sina neno na mtu." Bila shaka unakumbuka. Mlikuwa mkila sahani moja nyinyi wawili, kwenu au kwetu, hata mama zetu wakasahau ni nani mtoto wa nani.

Basi nimepanga safari ya siku moja, Jumamosi tarehe 8 Machi, kwa gari la kukodi. Nitaeleza. Tutavukia Busia, si Malaba, kwa sababu huku kwetu foleni ya malori hufika hadi nje ya mji na gari dogo humezwa katikati yake. Wewe unahitaji kitambulisho na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Gari linahitaji mambo mengi kuliko binadamu: nakala ya cheti cha umiliki, bima inayovuka mpaka, na barua ya mwenye gari inayotaja dereva mmoja tu anayeruhusiwa kulivusha. Gari ni la Bwana Wabwire wa Busia, na dereva ni kijana wangu Robinson, anayemfanyia kazi. Tutapita Bugiri na Iganga, na tukishaona mashamba ya miwa tujue Jinja imekaribia. Nitakuonyesha yale maduka ya zamani ya Wahindi yenye mwaka uliochongwa juu ya mlango, na nitakueleza kwa nini mji ule ulijengwa pale na si kwingine.

Nijibu kwa mkono wa Euphrasia.

Ndugu yako wa zamani,
Cosmas Ongodia


Nangina,
15 Februari 2025

Mwalimu,

Barua yako nilianza kuisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye jina la dereva nikatafuta kiti.

Amongin nitamwona. Hata kwa miguu nitamwona. Nimelia tangu Euphrasia aondoke, na mimi si mtu wa kulia, uliza wanawake wote niliowazalisha.

Lakini wewe! Umeandika "kijana wangu Robinson" kwa wino mzuri, hivihivi, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Nimeisoma tena nikidhani nimekosea. Unaniandikia mimi hivyo? Mimi? Kuna jambo linalopaswa kuanzia upande wenu, Mwalimu, na si mdomo wangu unaopaswa kulifungua. Nimelingojea tangu mwaka jana. Nilidhani labda ninyi wa Malaba mna shughuli nyingi. Sasa unaniletea mipango ya gari na chanjo, na hilo hulitaji hata kidogo.

Sitaketi gari moja na kijana wako. Sababu unaijua. Kama huijui, basi shule haikukusaidia.

Eucabeth


Malaba,
20 Februari 2025

Dada Eucabeth,

Nimeaibika. Barua yako niliisoma sebuleni nikaiweka chini ya kitambaa cha meza, kisha nikaitoa nikaisoma tena. Ni kweli mtu anaweza kujua habari za wafalme na asijue ya kijana wake.

Nilimwita Robinson hapohapo. Nikamwambia, "Nimesikia kwamba mwaka jana, huko Nangina, ulimkosea mjane mmoja, na hukurudi kusema neno." Alishtuka hata akakaa juu ya kiatu chake. Akasema, "Ni kweli, baba. Nilikuwa naogopa kukuambia." Alitaka kuanza kueleza, lakini nikamkatiza. Nikamwambia sihitaji maelezo, ninayajua, na kwamba lililobaki ni upande wetu kuchukua mbuzi na kwenda na heshima. Akauliza, "Mbuzi mmoja tu, baba?" Nikamjibu kwamba kwa kuanzia mmoja anatosha. Dada, ungemwona! Alinishika mkono kwa mikono yote miwili kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Nami nimefurahi kuona ana dhamiri. Kwa hiyo jambo lile limeanza, na limeanzia upande wetu kama ulivyosema. Sitalitaja kwa jina, maana nawe hukulitaja, na ninaiheshimu sababu yako. Mbuzi tutamleta Busia siku hiyohiyo ya safari. Njoo na mtu wa kumpeleka nyumbani. Tukutane kwenye uwanja ulio kabla ya geti, upande wa Kenya, asubuhi.

Kuhusu gari usiwe na wasiwasi tena. Nimekupangia vizuri, utaona mwenyewe.

Cosmas Ongodia


Nangina,
5 Machi 2025

Mwalimu,

Mungu akubariki. Kumbe nilikuhukumu bure.

Kwa kuwa sasa mmeanza nyinyi, nami naweza kusema. Mercyline ndiye kitindamimba wangu. Aliondoka nyumbani Agosti, akaacha ujumbe kwamba amekwenda kuishi na Robinson, kijana wa Mwalimu Ongodia wa Malaba. Mkwe wangu nilimwona mara moja tu, kwa mbali. Alikuwa ameegesha gari chini ya barabara, aliponiona nakuja akaruka mtaro. Nikasema angalau ana adabu, anajua mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Tangu siku hiyo sikumtafuta binti yangu. Mama wa msichana hawezi kwenda kubisha hodi kwa watu ambao hawajaja kusema. Shemeji zangu wananiuliza kila Jumapili baada ya kanisa, na mimi nawaambia watakuja, wale ni watu waliosoma.

Sijui hata anaishi wapi. Sijui kama anakula.

Nitakuja na Velma, mke wa shemeji yangu, yeye atampeleka mbuzi nyumbani. Nimetoa kitenge changu cha bluu. Nadhani dereva umeshapata mwingine, hilo sina haja ya kumkumbusha mtu mzima.

Mwambie Amongin naja na njaa.

Eucabeth


Malaba,
8 Machi 2025, jioni

Dada Eucabeth,

Nisamehe mwandiko. Sijui uko wapi. Velma anasema aligeuka kumkamata mbuzi, na alipotazama tena hukuwepo. Ninaandika ili nikuulize jambo moja: nini kilitokea?

Nitaeleza nilichokiona mimi, halafu wewe unieleze ulichokiona wewe.

Tulifika salama. Nikakuona umesimama na kitenge cha bluu, na nikakutambua palepale kwa jinsi unavyoweka mkono kiunoni. Nikamwambia Robinson, "Mgeni wetu ni yule." Sikuwa nimemtajia jina la mgeni wala la atakayempokea mbuzi. Yeye alikuwa ameinama akipanga karatasi za gari. Nikashuka, nikafungua buti kidogo mbuzi apate hewa, nawe ulimsikia akilia ukatabasamu. Kisha nikakufungulia mlango wa mbele. Ndicho kiti nilichokupangia, karibu na dereva, ili uuone mwendo wa gari kwa macho yako na uwe na amani. Ukainama kuingia. Robinson akainua kichwa.

Sijawahi kuona uso wa binadamu ukibadilika vile. Midomo yake ilisema kitu ambacho masikio yangu hayakupata. Akafungua mlango wake, akatoka mbio, injini ikinguruma. Akavuka mtaro, akapita katikati ya malori, akapotea! Nawe ukajifunika kitenge kichwani ukaligeuzia gari mgongo. Mimi nikabaki nimeshika mlango kama bawabu.

Wakaja askari. Mmoja akanipigia kelele sikioni, "Mzee, dereva yako ameona nini? Hii gari haiwezi kaa hapa!" Wabadilisha pesa wakacheka, mmoja akasema, "Huyo ameona mkewe wa kwanza." Dereva akikimbia mpakani, Dada, askari hufikiri mzigo haramu, na siwalaumu. Wakafungua buti lote. Mbuzi akaruka. Nyuma ya mbuzi wakatoa beseni la plastiki, na ndani yake nguo za mtoto mchanga, nepi, na blanketi dogo la manjano. Wakaniuliza ni za nani. Nikasema sijui. Wakatazamana. Nimewasimamia vijana mitihani maisha yangu yote, na leo nimetazamwa kama mwizi wa watoto.

Sikuruhusiwa kuliendesha lile gari, kwa kuwa karatasi ina jina la Robinson peke yake. Nililikalia hadi Wabwire alipokuja kulichukua. Robinson amerudi nyumbani sasa hivi, amekaa nje, hataki kunitazama.

Kama ni yule mbuzi wenu aliyegongwa Funyula mwaka jana, Dada, si tulikuwa tumeleta mwingine?

9 Machi

Nilikuwa sijaifunga barua hii. Euphrasia amefika kutoka huko akiwa amechelewa kwa sababu ya mafuriko ya Budalang'i, anakonunua samaki, yaliyokata njia, na ameniletea ile yako ya tarehe 5.

Nimeisoma. Nimekaa chini, tena sakafuni.

Mbuzi aliyegongwa. Nilidhani ni habari ya mbuzi aliyegongwa. Robinson aliniambia mwaka jana kwamba aligonga mbuzi wa mjane njia ya Funyula, nikaunganisha mambo mwenyewe, nikamkatiza mtoto alipotaka kunieleza. Na nikafungua mlango wa mbele nikamketisha mama mkwe ubavuni mwa mkwewe!

Dada, uko wapi?

Ongodia


Jinja,
11 Machi 2025

Mwalimu,

Niko kwa dada yako. Barua hii naituma kwa mwenye lori la saruji anayepitia Malaba.

Kwanza nikwambie nilichokusudia kukwambia nilipokuwa navuka lile geti peke yangu. Nilikusudia kukwambia kwamba umenivua nguo hadharani. Nilisikia mbuzi akilia, nikasema moyoni, leo binti yangu amepata heshima. Kisha ukanifungulia mlango, na mkwe wangu yuko pale, goti lake na langu karibu kugusana. Mimi na umri huu! Velma alipiga yowe. Nikasema huyu Mwalimu amenifanyia makusudi, anataka kunionyesha kwamba kwao Mercyline si kitu, na mimi si mama mkwe wa mtu. Lakini Amongin alikuwa hana hatia, na miguu yangu haikutaka kurudi. Nikaonyesha kitambulisho, nikapita, nikatafuta gari la Jinja.

Sasa sikia. Nilibisha hodi kwa Amongin. Aliyefungua mlango ni Mercyline.

Alikuwa ameshika sufuria, tumbo limefika hapa. Sufuria ikaanguka. Kutoka chumbani nikasikia sauti ya Amongin, ileile, nyembamba tu kidogo: "Eucabeth, usimpige, ana mjukuu wangu ndani!"

Kumbe Robinson alimweleza shangazi yake kila kitu kabla ya Krismasi. Dada yako ndiye aliyemchukua Mercyline, akamficha hapa akijua ni damu yangu. Ndiyo sababu akakutuma unitafute. Wala hakumwambia Robinson kwamba ananijua, alijua angetoroka. Nikamwambia, "Ndugu yako amenitukana mpakani." Nikamweleza lote. Mwalimu, mgonjwa wa moyo alicheka hadi nikashika mkono wake kupima. Akasema, "Ongodia hajui lolote! Huyo anajua mwaka reli ilipofika Jinja, lakini mwaka huu nyumbani kwake kuna nini hajui."

Basi nikakusamehe nusu.

Jumapili uchungu ukaanza. Nilitaka kumpeleka kituo cha afya, bodaboda imeshakuja mlangoni, lakini mtoto hakungoja mtu. Nimemzalisha binti yangu kwenye kitanda cha Amongin, Amongin mwenyewe amekaa kwenye kiti akishika taa ya simu. Ni msichana. Wote wazima. Tulikosa hata beseni la kumwogeshea. Nikamwosha kwenye sufuria ileile iliyoanguka.

Lakini kuna jambo, na hili usilielewe vibaya, tafadhali, soma polepole. Niko ndani ya nyumba ya wakwe ambao hawajasema. Kulala nimelala, kwa sababu ya mtoto, na hilo nitajieleza kwa shemeji zangu. Kula siwezi, mama wa msichana hali kwa wakwe kabla hawajaja kuposa. Nanunua ndizi za kuchoma barabarani, nazila nimesimama nje ya lango. Na Amongin ameapa: kama Eucabeth hali, na yeye hali. Sahani iliwekwa mbele yetu Jumamosi, ikapoa, ikaondolewa. Anakunywa dawa na uji mdogo tu. Leo alipojaribu kukaa, nimeona midomo yake haina rangi. Nimekuwa mkunga muda mrefu, najua mtu anayeondoka na mtu anayebaki. Huyu anaweza kubaki, lakini si bila chakula.

Nimemwambia, "Kula, mjinga wewe." Ananijibu, "Anza wewe."

Fanya linalopaswa kufanywa. Usieleze. Fanya.

Eucabeth


Jinja, nje ya lango la Amongin,
14 Machi 2025

Mama Mercyline,

Tumesimama nje. Nimempa jirani karatasi hii akuletee, maana sijui kama naweza kukanyaga ua uliomo kabla hujanijibu.

Jana nilikwenda Nangina na ndugu yangu Eriaku, kwa kuwa baba hajisemei mwenyewe. Eriaku alisema, mimi nikanyamaza. Tulisema kwamba tumeona nyumba yenu, kwamba kijana wetu alitangulia mahali ambapo wazee wangepaswa kutangulia, na kwamba tunamwomba Mercyline kwa heshima, pamoja na mtoto wake. Shemeji zako walituacha juani kwanza. Mkubwa wao akasema, "Mbuzi wenu anakula mahindi yetu tangu Jumamosi, tukawa tunajiuliza amekuja kusema nini." Kisha wakacheka, wakatupa maji. Wametusikia. Wamepanga siku ya kikao. Wamesema unaweza kula.

Robinson yuko kwenye gari, na beseni la nguo za mtoto alizonunua liko kando yake. Amegeuza kioo cha dereva kikatazama juu, asije akakuona kwa bahati mbaya. Hajamwona mtoto wake.

Nakuomba utufungulie. Dada yangu anaendeleaje?

Ongodia


Nyuma ya karatasi hiyohiyo

Baba Robinson,

Anaendelea kukutukana, kwa hiyo yuko sawa. Nilipomsomea karatasi yako akasema, "Wazee wawili wanaandikiana barua na katikati yao kuna ukuta wa matofali! Nipeni mto niketi."

Mimi natoka kwa mlango wa jikoni. Nitasimama chini ya kamba ya nguo, nimewapa mgongo. Robinson apite mbele, amwone mtoto wake, amshike vizuri kichwa, halafu atoke arudi kwenye gari. Akishatoka unikoholee. Lile beseni mlilete.

Mercyline ameshasonga ugali wa wimbi, na kunde ziko na karanga. Sahani ni moja. Amongin amenawa mikono tayari, ananitazama mimi.

Historia utatueleza baadaye. Ingieni haraka, Mwalimu. Nina njaa.

Mama Mercyline